Mke Mwenza wa Taa

Jiwe halikumuua Paker. Jiwe lilianguka tu, na kuanguka ni tabia ya jiwe lolote lililoachana na wenzake. Waliomuua ni watu, na wengine wao bado nawaona Kitengela Jumamosi wakichagua nyama kwa kidole. Majina yao sitaandika. Jina mtu anaweza kulikana mbele ya wakili, lakini kazi aliyofanya hawezi kuikana, kwa hivyo nitawaita kwa kazi zao. Kuna meneja wa timbo. Kuna fomani. Kuna injinia aliyeleta vile vitambaa. Kuna karani wa usalama, aliyenijia hospitalini na kalamu.

Karatasi ya kwanza ya kampuni ilisema Paker alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mke wake alisomewa maneno hayo akiwa amekaa nje ya nyumba yake, huko mbele ya Kajiado. Hayo ndiyo yanayonifanya niandike, nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini na alikuwa amesimama wapi.

Mimi nilizaliwa Embulbul. Mama alikuwa ametoka upande wa Kati, akauza mboga Ngong mpaka mgongo ukakataa. Shule niliachia darasa la sita. Nikaingia timboni bado kijana, lile timbo la kuchimba mawe meupe lililoko kati ya Kitengela na Kajiado, mahali ambapo vumbi linakaa kwenye kope hata siku ya kanisa. Huko nikafundishwa kazi moja ambayo haina cheti, ya kugonga ukuta.

Ukuta tulikuwa tunaita ule uso wa jiwe uliobaki baada ya kulipua na kuchimba. Unasimama juu yako kama jumba. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kupita chini yake, mgongaji anatembea nao toka mwanzo mpaka mwisho na mtaimbo, anagonga, anasikiliza. Jiwe zima linarudisha mkono. Unaligonga, nalo linakugonga mpaka kwenye kiwiko, na sauti inakwenda mbali. Jiwe lililokatika kwa ndani linameza. Sauti inatoka fupi, nzito, kama umegonga gunia la unga. Ukisikia hiyo, unapaka rangi nyekundu hapo, na watu wa mashine wanaliangusha kutoka juu kabla mtu hajapita. Kazi nzima ni nusu saa. Nikimaliza nainua mkono, ndipo watu wanaingia. Nimeinua mkono miaka mingi, na katika miaka hiyo ukuta haukumla mtu.

Paker alikuja timboni baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe. Alikuwa mtu wa boma, mwenye mifugo, na akaja kwetu na fimbo yake mkononi kama mtu anayepita tu. Wakampa drili ya kutoboa. Mwanzo hakunipenda. Aliona nusu saa yangu ni mchezo, mtu mzima kugonga mawe huku wengine wakisubiri. Siku moja nikamkataza kuingia mahali alipopangiwa. Alinung'unika kwa Kimaasai, nikaelewa kiasi. Kabla ya saa nne, kipande kikubwa kama ndama aliyeshiba kikateremka palepale, peke yake, bila kuguzwa. Paker alikiangalia, akarudi kwenye drili yake.

Jumapili akaja kwangu Kitengela na boda boda, na katikati yake na mwenye pikipiki kulikuwa na kondoo. Akamshusha, akanipa kamba. Akasema kuanzia leo jina langu ni Paker na jina lake ni Paker, maana kwao watu waliopeana kondoo huitana hivyo, na yale majina mengine wanawaachia watu wa ofisi. Nilishukuru. Halafu kwa ujinga wangu nikamuuliza tutamchinja lini. Akaniangalia kama nimeuliza mtoto atachinjwa lini.

"Huyu si wa kuliwa, Paker," akasema. "Huyu ni wa kukaa."

Akakaa. Alikula kanga mbili za mke wangu na daftari la jirani. Tangu siku hiyo hatukuitana kwa jina lingine, hata watu wa timboni wakasahau majina yetu ya kitambulisho.

Sasa nije kwa vitambaa.

Walikuja watu wa chuo kimoja, injinia mwenye viatu vya timbo ambavyo havijawahi kuona timbo, na dada mtafiti aliyekuwa akimsaidia. Walileta vipande vyembamba vya kitambaa, kama plasta ya kufunga kidonda. Injinia alizungumza na meneja kwa Kiingereza. Dada ndiye aliyetueleza sisi. Alisema ndani ya kile kipande kuna nywele za zinki, ile ile ya mabati, lakini ndogo hata jicho haliwezi kuziona, na kwenye nafasi ya ukucha wako kuna nywele nyingi kuliko za kichwa chako. Ukizipinda, zinatoa umeme kidogo sana. Jiwe likitetemeka lori likipita, zinapinda, zinarudi, zinapinda tena, na ule umeme unavunwa kidogo kidogo mpaka unatosha kuwasha taa ndogo nyekundu. Hakuna betri wala sola, na hakuna waya wa kutoka mahali popote. Ni jiwe lenyewe na kutetemeka kwake.

Mimi sikuicheka. Nilisimama nikaiona ikiwaka mara ya kwanza, lori tupu likipita, kile kijitaa kinakonyeza kama jicho la mtu anayekujua. Nilifikiri hivi: miaka yote hii mkono wangu ulikuwa unaokota mtetemeko wa jiwe na kuutupa, na hawa wamepata njia ya kuuweka. Nilimheshimu dada kwa hilo. Bado namheshimu, na bado yuko na lake la kujibu, lakini ni dogo.

Wakabandika vipande kumi na viwili kando ya ukuta, kila kimoja na taa yake, na nambari kwa rangi nyeupe. Siku ya tatu mtaimbo wangu ukapasua viwili. Injinia akakasirika. Akamwambia meneja kwamba ule ugongaji unavunja vifaa na pia unaharibu vipimo, kwa sababu hawezi kujua umeme gani umetoka kwa lori na gani umetoka kwa mzee na chuma chake. Meneja hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nusu saa kila asubuhi, watu wamesimama wameshika helmeti, ilikuwa imemkaa kooni kwa muda mrefu.

Akatuita wote. Akasema ugongaji umekwisha, timbo limeingia kwenye teknolojia. Taa ikiwaka, jiwe linatetemeka, ondokeni hapo. Taa ikizima, jiwe limetulia, fanyeni kazi.

Dada mtafiti aliinua mkono mbele yetu. Akasema hizo taa ziliwekwa kupima umeme unaovunwa, si kupima kama jiwe ni zima, na taa inaweza kuzima kwa sababu nyingi. Alisema hayo kwa Kiswahili, na sisi sote tulisikia. Injinia akamgeukia, akamwambia wataongea baadaye. Hawakuongea baadaye. Injinia alikuwa anataka ukuta wa kubandikia vitu vyake, meneja alikuwa anataka nusu saa yake, na kila mmoja akapata alichotaka. Wiki iliyofuata dada hakuonekana tena timboni, na injinia akawa anapita mara moja moja kuchukua hesabu za umeme wake.

Mimi nikapewa brashi. Kazi yangu ikawa kupangusa vumbi kwenye vipande ili viendelee kushika vizuri. Mtu aliyekuwa anainua mkono watu wakaingia, sasa anapangusa taa kama mtu anayefagia kanisa.

Nililalamika. Nililalamika sana, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kosa. Kila siku nilikuwa na neno kuhusu taa: taa haina sikio, taa haijui jiwe. Watu wakachoka na mimi. Mmoja akanipa jina, mke mwenza wa taa, na likanishika. Nikipita na brashi yangu, wananiuliza kama zamu ya leo ni yangu au ya mwenzangu. Paker ndiye aliyeiweka vizuri kuliko wote. Tulikuwa tunakula githeri, watu wote wako, akasema, "Mwacheni Paker wangu. Amekaa na jiwe miaka ishirini bila mahari, sasa limeolewa na kijana mwenye umeme." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chakula. Na mimi nilicheka. Lakini iliniingia, sitadanganya. Kutoka kwa wale wengine ilikuwa mzaha, lakini kutoka kwake ilikuwa kama ametoa ile kamba ya kondoo mkononi mwangu. Nikaacha kuongea juu ya taa.

Ndipo jambo lingine likaanza polepole, bila mtu kuliamua. Taa za karibu na barabara ya malori zilikuwa zinawaka kutwa. Za mbali ziliwaka kidogo. Watu wakaanza kukimbia zinazowaka na kufuata zilizozima. Chakula cha mchana tulikula chini ya taa iliyozima. Ukichoka, unajinyoosha chini ya taa iliyozima. Tukapaita kivulini, ingawa jua lilikuwa palepale. Hakuna mtu mwingine duniani angefanya kosa hilo ila sisi, kwa sababu ni sisi tuliofundishwa miaka mingi kwamba mtu akisema ukuta uko sawa, uko sawa, na hatukujua kuishi bila mtu wa kutuambia.

Jumatatu ya wiki ile, nikipangusa, nikaona nambari saba haiwaki. Ile si taa ya mwisho kule, iko katikati. Lori likipita, nambari sita inakonyeza, nambari nane inakonyeza, saba inanyamaza. Nikadhani ni vumbi. Nikapangusa. Ikanyamaza. Dada alikuwa amenionyesha jinsi ya kujua kama kipande kimekufa: unakibonyeza kwa kidole haraka haraka, zile nywele zinapinda, na kama kiko hai kijitaa kinakonyeza. Nikabonyeza. Kikakonyeza vizuri kabisa.

Nikasimama hapo na brashi. Kipande kiko hai na taa iko hai. Malori yanapita, majirani wote wawili wanapata mtetemeko wao. Huyu wa katikati hapati kitu. Ni kama nyumba tatu za mstari mmoja, bomba ni moja, na ya katikati haina maji. Mtu halaumu mfereji. Anajua kuna mahali bomba limekatika.

Jumatano, watu wakiwa kwenye chai ya saa nne, nikachukua nyundo kwenye sanduku la fundi nikagonga chini ya saba, mara tatu tu. Lilimeza. Mara zote tatu lilimeza. Nikasogea chini ya nane nikagonga, mkono ukarudi mpaka kiwiko. Sikuhitaji shule ya kuniambia zaidi. Jiwe lote lile la katikati, refu kama nyumba ya vyumba viwili, lilikuwa limeachana na mlima na limesimama peke yake.

Nikaenda kwa fomani. Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa pikap. Nikamwambia saba imekufa kwa ndani. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimegonga.

"Umeguza huo ukuta?" akasema. "Mzee, wewe umekatazwa mbele ya watu."

Nikamwambia hata taa yenyewe inasema, ni kwamba tu wanaisoma vibaya. Akacheka kwa pua. Akampigia meneja simu mbele yangu, nadhani ili nisikie mwenyewe. Meneja alikuwa Nairobi. Sauti yake niliisikia ikitoka kwenye simu, haikuwa imefichwa. Alisema sikio la mzee haliandikwi kwenye ripoti, na kama taa imezima basi ndiyo mahali pazuri pa kutoboa wiki hii. Fomani akafunga simu, akaniambia nikiguza ukuta tena niende nyumbani nisirudi.

Hapo nimemaliza na makosa yao. Sasa kuna langu.

Kulikuwa na watu saba wa drili. Ningeweza kuwaambia. Hakuna aliyeniziba mdomo, kwa sababu kuongea na watu si kuguza ukuta. Jioni ile nilitembea na Paker mpaka barabarani, tukasimama pamoja kungoja gari, na aliniambia mambo ya binti yake aliyepata kazi ya kufundisha watoto wa nasari. Ningeweza kumwambia hapo. Nilikuwa nayo mdomoni kama kokoto. Lakini nilijua vile angeniangalia. Nilijua angesema, Paker, tena hiyo taa? Na kesho angewaambia wengine wakila, na wangecheka. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine kubwa kuliko hiyo, ya kuogopa kupoteza kazi, ya watoto, sijaipata. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekasirishwa na mzaha.

Alhamisi baada ya chakula fomani akawahamisha watu wawili wa drili kutoka nambari tatu. Tatu ilikuwa inawaka bila kupumzika, malori yalikuwa mengi. Akanyoosha mkono, akasema, "Nendeni pale kwa saba, pametulia." Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Paker akabeba drili begani, akapita karibu na mimi, akatabasamu.

"Paker, mke mwenzako ameamkaje?"

Wale wengine walikuwa wanatusikiliza, wameshaanza kutengeneza vicheko vyao.

Nikasema, "Hajambo."

Hilo neno moja. Akaenda.

Nilipangusa taa moja, sijui ilikuwa gani. Halafu nikatupa brashi nikamfuata. Najua hayo ni maneno ya mtu aliyechelewa na sitegemei mtu kuyaweka kwenye mizani. Drili ilikuwa imeanza, ni mashine yenye kelele, hakunisikia nikimwita. Nilifika nikamshika shati mgongoni. Akageuka. Aliniangalia usoni na nadhani alielewa, kwa sababu hakucheka. Mwenzake aliyekuwa upande wa nje akakimbia. Sauti ya jiwe sikuisikia. Nilichosikia ni drili kunyamaza.

Nilitolewa na mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili, na mbavu. Yeye walimtoa jioni. Sitaandika alivyokuwa.

Siku ya tatu nikiwa kitandani akaja karani wa usalama wa kampuni. Kijana msafi, mpole, akaniletea ndizi. Akasema anaandika tu mambo machache. Akauliza kama taa ya saba ilikuwa inawaka. Nikasema haikuwa inawaka. Nikaanza kueleza kwa nini, akasema pole pole mzee, usijichoshe, tutafika huko. Akauliza Paker alikuwa amepangiwa wapi asubuhi. Nikasema nambari tatu. Akaandika. Akauliza kama wakati jiwe linaanguka alikuwa kwa tatu. Nikasema la. Akaandika kwa Kiingereza, akanipa kalamu, nikaweka sahihi yangu ya darasa la sita. Hatukufika huko alikosema tutafika.

Majibu yangu yote matatu yalikuwa ya kweli. Wakayapanga kama mawe ya ukuta, wakajengea nyumba yao: taa haikutoa onyo, kwa hivyo kampuni haikujua, marehemu aliacha mahali pake, kwa hivyo alijitakia. Fomani akaapa kwamba hakumhamisha mtu. Yule mwenzake Paker alikuwa amerudi kwao Illasit, akakataa kushika simu.

Dada mtafiti alikuja kuniona peke yake, injinia hakuja. Alisimama mwisho wa kitanda. Nilimuuliza swali moja, kama nilifikiri vizuri kuhusu saba. Akasema ndiyo. Ule mtetemeko wa malori ulikuwa unafika kwenye ufa na kukomea hapo, kwa sababu hauwezi kuruka nafasi tupu, na kile kipande kilikuwa kimebandikwa kwenye jiwe lisiloshikana tena na kitu. Akasema kuzima kwake ndiko kulikuwa onyo. Halafu akalia. Mimi sikumnyamazisha. Nilimwacha alie mpaka mwisho, nikaangalia dirisha.

Nilipoanza kutembea na magongo, mke wa Paker akaniita. Nyumba yao iko mbele ya Kajiado, unashuka kwenye lami unatembea kwenye nyasi fupi. Nilimsalimu kwa Kimaasai changu kibovu, akaitikia. Binti yake, yule wa nasari, alikuwa amekaa na ile karatasi kwenye magoti. Walinipa kiti na chai. Binti akanisomea, Kiingereza kwanza, halafu kwa Kiswahili, na ndipo nikajua maneno niliyowekea sahihi.

Mama yake alingoja mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, mimi nimekaa na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Ng'ombe walikufa akiwahesabu mmoja mmoja, hakuacha hata ndama nyuma. Hapa wanasema alikuwa mtu wa kwenda asikotumwa. Wewe ulikuwa hapo. Alikuwa hivyo?"

Nikasema hapana. Nikasema fomani ndiye alimtuma. Ningeweza kukomea hapo. Ilikuwa kweli na ilitosha kumpa alichotaka, na ningemaliza chai yangu nikaenda. Lakini alikuwa ananiangalia, na mimi nilikuwa nimeshakomea mahali mara moja. Nikamwambia yote: Jumatatu, Jumatano, simu ya meneja. Nikamwambia kuhusu jioni ile barabarani, alipokuwa akiniambia habari za binti. Nikamwambia alichoniuliza na nilichomjibu.

Binti aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mama yake hakuinuka.

"Alikuuliza," akasema.

"Aliniuliza."

"Na ukasema hajambo."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono akachukua kile kikombe kilichokuwa mbele yangu, bado kina chai, akakiweka upande wake chini. Hakukimwaga. Alikiondoa tu. Akaniambia habari ile niliyomwambia yeye haimsaidii kitu hapa nyumbani, mbuzi wake hawajui kusoma. Niende nikaiseme mahali karatasi zinapoandikwa.

Tulikwenda Kajiado mjini sisi wawili, siku ya Jumanne, kwenye ofisi moja inayosikiliza mambo ya wafanyakazi. Hakuongea na mimi njiani. Alikaa kwenye benchi ya nje ya mlango ulio wazi, mahali anaposikia. Ofisa alikuwa mtu mzima, si mbaya. Nilimwomba aandike kwa Kiswahili, akakubali. Alipofika kwenye Jumatano akaweka kalamu chini. Akaniambia nifikirie vizuri, kwa sababu wakili wa kampuni akisoma hii, hatamwona meneja, atamwona mtu aliyejua na hakusema. Watanikamata na mdomo wangu mwenyewe.

Nikamwambia aandike.

Ilichukua miezi. Karatasi ya pili ya kampuni ilikuja kwa mke wa Paker, na nakala ikaja kwangu. Binti alinisomea kwa simu, polepole, bila salamu. Yale maneno ya uzembe wa marehemu yametolewa. Imeandikwa sasa kwamba marehemu alikuwa mahali alipotumwa, akifanya kazi aliyopewa. Nilimsikia mama yake kwa nyuma akimwambia arudie hapo, akarudia. Halafu akasoma inayofuata: kwamba hali ya jiwe ilikuwa inajulikana na mfanyakazi wa kupangusa vifaa, ambaye hakuwaarifu wenzake.

Basi. Hakuna simu ya meneja. Yule fomani aliyenyoosha mkono hayumo, wala injinia aliyemnyamazisha dada mbele ya watu. Karani na ndizi zake hayuko. Nimesikia meneja amepelekwa timbo lingine, kubwa zaidi, na kwamba injinia anazunguka na picha za ukuta wetu, taa zote kumi na mbili zikiwaka, siku ya kwanza kabisa.

Paker ametoka kwenye ile sentensi, na mimi nimeingia. Hapo sina ubishi, ni mahali pangu, ningeingia hata kama nisingesukumwa. Ninachokataa ni kukaa humo peke yangu. Ndiyo maana nimewaandika hapa mmoja mmoja, na walichofanya, na siku waliyofanya.